Kipupwe, Mchakamchaka na Miguu ya Wanafunzi

Ufikapo mwezi Juni, nyasi za Makete, za Njombe na za uwanda wa Kitulo huamka zikiwa nyeupe. Sakitu hiyo, ambayo wakulima wa viazi huijua vyema kwa hasara inayowaletea, huyeyuka jua linapopanda. Lakini kengele ya shule haingojei jua. Wanafunzi wamekwisha kujipanga mistari, mikono kwapani, wakingoja amri ya kuanza mchakamchaka. Katika shule ya pili, ng'ambo ya bonde, hakuna kengele kabisa. Mwalimu wa zamu ameiona baridi, akawahurumia vijana, na mchakamchaka umefutwa hadi Septemba pamoja na michezo ya jioni.

Ni vigumu kusema upi kati ya uamuzi huo na ule wa kwanza ni mbaya zaidi. Wa kwanza huwatia vijana mbioni wakiwa na misuli iliyopoa. Wa pili huwakalisha miezi mitatu, kisha huwataka waibuke ghafla kuwa wanamichezo. Kalenda nayo huzidisha matata, kwani kwa kawaida ni katika majuma hayo hayo ya kipupwe ambapo timu za shule, za wilaya na za mkoa huchaguliwa kwa ajili ya UMISSETA. Majira ambayo mwili hauko tayari ndiyo majira ambayo mwili hudaiwa zaidi, na deni hilo hulipwa kwa vifundo vilivyoteguka na magoti yasiyopona sawasawa.

Baridi yenyewe husingiziwa mengi. Mwanafunzi akichechemea mwezi Julai, husemwa kwamba baridi imemwingia mguuni, kana kwamba ni mdudu. Kweli, kipupwe kina adha zake. Mwenye pumu hubanwa kifua anapokimbia katika hewa baridi na kavu, na mwalimu asiyelijua jambo hilo humwita mvivu, ilhali anachohitaji kijana huyo ni kuanza taratibu na kuwa na dawa yake ya kuvuta karibu. Lakini baridi ya nyuzi 5 au 6 za sentigredi haina nguvu ya kuchana msuli wala kutegua kifundo. Kinachochana na kutegua ni pupa: kuutaka mwili uliopoa ufanye kazi ya mwili uliopata moto.

Kinachotukia ndani ya msuli

Msuli ni mtambo wa kikemia. Nguvu yake hutokana na mabadiliko yanayoendeshwa na vimeng'enya, na kila mwanafunzi wa baiolojia amefundishwa kwamba kimeng'enya hufanya kazi polepole penye baridi. Asichokumbuka, pengine, ni kwamba kanuni hiyo aliyoikariri kwa ajili ya mtihani inalitawala paja lake mwenyewe. Ndani ya kiwiliwili halijoto hushikiliwa karibu na nyuzi 37, lakini mikono na miguu haina dhamana hiyo. Mtu anaposimama katika baridi bila kujitikisa, mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi hujibana ili joto lisipotee, na misuli ya miguu huweza kushuka hadi nyuzi 33 au chini yake, ingawa moyo na ini havijapungukiwa na kitu.

Katika hali hiyo mambo kadhaa hutukia pamoja. Neva hupeleka habari kwa mwendo uliopungua. Himoglobini huiachia oksijeni kwa ukaidi zaidi. Nyuzinyuzi zinazouzunguka msuli na kano zake huwa ngumu kunyumbulika, na ute unaolainisha maungo huwa mzito, kama asali iliyolala nje usiku. Damu nayo haijafika kwa wingi, kwa kuwa mtu akiwa ametulia misuli yake yote hupata takribani humusi tu ya damu inayosukumwa na moyo, ambapo katika kazi nzito hupata zaidi ya asilimia 80. Kuzifungua njia hizo zote ni kazi ya dakika kadhaa, wala hakuna amri ya kiranja iwezayo kuifupisha.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani bila gharama. Mwanafunzi atumbukize mkono mmoja katika bakuli la maji ya bomba asubuhi ya Julai kwa dakika tano, kisha ajaribu kuokota pini mezani, moja moja, kwa nusu dakika. Hesabu yake ilinganishwe na ile ya mkono uliokaa mfukoni. Darasa litacheka, na litaelewa kwa nini mlinda mlango aliyesimama bila kazi muda mrefu huudondosha mpira rahisi.

Mwaka 1945 wanasayansi wawili wa Denmark, Erling Asmussen na Ove Bøje, walichapisha vipimo vya watu waliopiga pedali za baiskeli isiyokwenda, wakiwa hawajaupasha mwili moto na baada ya kuupasha. Walionyesha kwamba kazi fupi ya nguvu hufanywa kwa haraka zaidi msuli ukiwa na moto. Mwaka 1979 Bergh na Ekblom wa Sweden walikadiria tofauti hiyo: kati ya nyuzi 30 na 39, kila uzi mmoja wa halijoto unaopotea katika msuli huchukua takribani asilimia 4 hadi 6 ya uwezo wake katika miondoko ya haraka. Msuli uliopungukiwa na nyuzi tatu, basi, umepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uwezo huo kabla filimbi haijapulizwa. Anayekimbia hajui. Huudai mguu mwendo ule ule wa Februari, na misuli ya nyuma ya paja, ambayo kazi yake katika mbio ni kuuzuia mguu unaorushwa mbele, hulazimika kushika breki ikiwa dhaifu na mizito. Ndipo ausikiapo mchaniko.

Wanariadha mashuhuri wamelijua hilo kwa mazoea. Huko Iten nchini Kenya, penye mwinuko wa karibu mita 2400, wakimbiaji waliokwisha kushinda mashindano ya dunia huanza mbio zao za alfajiri kwa mwendo ambao mtoto wa shule angeweza kuufuata. Mgeni huwadhania wamechoka. Baada ya nusu saa hawaonekani tena.

Kugusa vidole vya miguu

Shule nyingi zitajibu kwamba wanafunzi wao hupasha mwili moto. Ukienda kutazama utakuta mistari minne, kiranja mbele, na vijana wameinama kugusa vidole vya miguu huku wakihesabu hadi kumi; kisha upande wa kushoto, kisha wa kulia; kisha mbio. Zoezi hilo lina heshima ya umri, lakini halipashi kitu moto. Kunyoosha msuli uliotulia hakuuongezei joto la maana, kwa sababu joto la msuli hutokana na kazi ya msuli.

Wala halizuii majeraha kwa kiasi linachosifiwa. Mwaka 2000 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa kuruta 1538 wa jeshi la Australia. Wote walipasha mwili moto kabla ya mazoezi, lakini nusu yao waliongezewa kunyoosha misuli sita ya mguu, mmoja baada ya mwingine. Baada ya majuma 12 ya mafunzo haikuonekana tofauti ya maana kati ya makundi hayo katika majeraha ya miguu. Anayependa kujinyoosha na ajinyooshe, ikiwezekana baada ya mchezo. Asidhani tu kwamba amekwisha kujikinga.

Kinachokinga kimeanza kufahamika vizuri zaidi katika miaka ya karibuni, na wataalamu wa tiba ya viungo wana sehemu kubwa katika ugunduzi huo. Shirikisho la soka duniani, likishirikiana na watafiti wakiwamo wale wa kituo cha majeraha ya michezo cha Oslo, lilitengeneza mfululizo wa mazoezi 15 uitwao 11+. Huchukua dakika 20: nane za mbio za taratibu zenye kufungua nyonga na kubadili mwelekeo, kumi za nguvu, mizani na kuruka, na mbili za mbio za kasi. Hakuna chombo kinachohitajika ila mpira. Katika msimu wa 2007 ulijaribiwa nchini Norway, nchi inayoijua baridi, kwa wasichana 1892 wa umri wa miaka 13 hadi 17 kutoka vilabu 125. Yafaa kusema kweli kwamba kipimo kikuu cha utafiti huo, yaani jumla ya majeraha ya miguu, hakikuonyesha tofauti ya kutosheleza mahesabu ya kitakwimu. Lakini majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu, na majeraha yote kwa jumla kwa karibu theluthi moja.

Msomaji wa Afrika atauliza kama mambo ya Norway yanamhusu. Jibu lilitoka Lagos mwaka 2014. Owoeye na wenzake waliujaribu mfululizo huo kwa vijana 416 wa miaka 14 hadi 19 katika timu 20, na majeraha yakapungua kwa asilimia 41. Lagos haina sakitu. Maana yake ni kwamba kuuandaa mwili ni wajibu wa majira yote, na kwamba kipupwe ni mdai asiye na subira tu, anayekuja kudai mapema kile ambacho joto la Machi lingekivumilia kidogo.

Miongoni mwa mazoezi hayo, moja lastahili kuelezwa. Mwanafunzi hupiga magoti juu ya nyasi au mkeka; mwenziwe humshika vifundo vya miguu kwa nyuma. Aliyepiga magoti, akiwa amenyooka kutoka goti hadi kichwani, huinama mbele polepole kadiri awezavyo kujizuia, kisha hujipokea kwa mikono. Mara tatu hadi tano zatosha mwanzoni, na siku ya pili mapaja yatauma, hivyo lisianzishwe siku moja kabla ya mechi. Zoezi hili limeonekana mara kwa mara kupunguza sana kuchanika kwa misuli ya nyuma ya paja.

Na wacheza netiboli wasisahauliwe. Kanuni ya mchezo wao humtaka msichana aliyeruka hewani kuudaka mpira atue na kusimama papo hapo, na uzito wote huangukia goti moja. Katika michezo ambayo wavulana na wasichana hucheza kwa namna moja, kama soka na mpira wa kikapu, wasichana huchanika ligamenti ya katikati ya goti mara mbili au zaidi kuliko wavulana. Kufundishwa kutua kwa goti lililokunjika kidogo, lisiloangukia ndani, ni jambo la dakika tano kwa siku. Aliyechanika ligamenti hiyo huenda asirudi tena uwanjani, na mbali na miji mikubwa huenda asifikie hata uchunguzi wa kuthibitisha alichoumia.

Juu ya mavazi hayahitajiki maneno mengi. Sweta ivaliwe hadi jasho la kwanza, kisha ivuliwe, iliyolowa ibadilishwe. Wachezaji wa akiba, ambao ndio husahauliwa zaidi, wapewe shuka la kujifunika miguu, na waondoke kwenye benchi kukimbia kidogo kila robo saa, kwani joto lililopatikana kwa dakika 20 hupotea kwa muda kama huo huo wa kukaa.

Kosa la maji ya moto

Hata kwa maandalizi yote, wako watakaoumia. Hapo ndipo madhara makubwa hufanyika, tena kwa nia njema. Msichana amekanyaga shimo, kifundo kimepinda ndani. Wa kwanza kumfikia huushika unyayo na kuuvuta ili "kurudisha mfupa". Wa pili huleta maji ya moto na kitambaa, na jioni nzima kifundo hukandwa na kuchuliwa hadi mgonjwa alie. Asubuhi kimevimba kama boga, na watu husema jeraha lilikuwa kubwa.

Jeraha halikuwa kubwa. Katika kuteguka, nyuzi za ligamenti, yaani kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa, huchanika kwa kiasi fulani, na mishipa midogo ya damu huvuja. Maji ya moto huipanua mishipa hiyo izidi kuvuja. Kuchua kwa nguvu huchana kilichobaki. Na kama kuna mfupa uliovunjika, yule mvutaji wa kwanza amekwisha kuusogeza. Kukanda kuna mahali pake katika tiba, na wakandaji wa vijijini wana ujuzi wa mikono usiofaa kudharauliwa, lakini mahali pake si saa ya kwanza wala siku ya kwanza.

Hapa sayansi nayo imebadili kauli, na wanafunzi wanapaswa kulijua hilo. Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, alipendekeza utaratibu ulioenea duniani kote: pumzika, weka barafu, funga bendeji, inua mguu. Mwaka 2014 Mirkin huyo huyo alitangaza kwamba barafu na mapumziko kamili huenda huchelewesha kupona, kwa kuwa uvimbe wa awali ni sehemu ya ukarabati wa mwili. Wataalamu wengi wa tiba ya viungo sasa hushauri kukilinda kiungo kwa siku moja hadi tatu, kukifunga bendeji isiyobana mno na kukiinua, kisha kuanza kukitumia kidogo kidogo kadiri maumivu yaruhusuvyo. Kitambaa cha maji baridi kwa dakika chache chaweza kupunguza maumivu, na katika Makete hakuna atakayehitaji jokofu kwa ajili hiyo.

Je, mwalimu atajuaje kwamba mfupa haukuvunjika? Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa mwaka 1992 kanuni nyepesi inayotumika hadi leo. Mgonjwa akishindwa kutembea hatua nne, au akiumia sana anapobonyezwa kwenye ukingo wa nyuma au ncha ya mfupa wa kifundo, wa ndani au wa nje, apelekwe kupigwa picha ya eksirei. Asipokuwa na dalili hizo, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Kanuni hii yafaa kubandikwa katika ofisi ya mwalimu wa michezo, karibu na ratiba ya ligi.

Sehemu inayopuuzwa kuliko zote huja baadaye. Mwanafunzi huacha kuchechemea, akahesabiwa kuwa amepona, akarudishwa timuni. Lakini kuteguka kwa mara ya kwanza ndiko kunakotabiri zaidi kuteguka kwa mara ya pili, kwa kuwa ligamenti iliyochanika ilikuwa pia na neva za kuuarifu ubongo mahali kifundo kilipo. Neva hizo lazima zifunzwe upya. Mwanafunzi asimame kwa mguu ulioumia macho yakiwa yamefumbwa. Aruke kwa mguu huo mbele na kando. Akimbie akikata kona. Akishindwa lolote kati ya hayo, hajapona, hata kama fainali ni kesho.

Ndugu wawili waliopoteana

Watu wengi hufikiri kwamba tiba ya viungo ni ya wazee waliopooza na ya majeruhi wa barabarani. Asili yake inasema vingine. Pehr Henrik Ling alipoanzisha chuo chake mjini Stockholm mwaka 1813, alifundisha mazoezi kwa watu wazima wa afya na kwa wagonjwa chini ya paa moja. Kutoka tawi moja la mafundisho yake yalikuja mazoezi ya shule za Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo wakoloni waliyaleta huku na yakaitwa drili. Tawi la pili lilikuwa miongoni mwa vyanzo vya taaluma ya tiba ya viungo, ambayo nchini Uingereza ilipata chama chake mwaka 1894 kwa juhudi za wauguzi wanne. Mwalimu wa michezo na mtaalamu wa tiba ya viungo, kwa hiyo, ni ndugu waliolelewa mbalimbali.

KCMC mjini Moshi imekuwa ikiwafunza wataalamu hao kwa miongo mingi, na hospitali kubwa zinao, ingawa ni wachache mno wakilinganishwa na mahitaji. Hakuna atakayedai kila shule ya sekondari iajiri wake. Lakini mtaalamu mmoja wa hospitali ya mkoa, akikutana na walimu wa michezo wa wilaya kwa siku mbili mwezi wa Aprili, kabla ya baridi na kabla ya mashindano, angezuia majeraha mengi kuliko atakayoyatibu mwaka mzima. Vyuo vya ualimu navyo vingeweza kuyaingiza haya katika somo la elimu ya michezo, mahali pa historia ndefu ya vipimo vya viwanja.

Liko pia jambo moja linaloweza kukomeshwa bila semina: kurushwa kichura. Mwanafunzi aliyechelewa mstarini huamriwa achuchumae na kuruka umbali wa uwanja, saa ya baridi kuliko zote, magoti yakiwa yamekunjwa kabisa na misuli imepoa. Ni vigumu kubuni njia nyingine ya kulikandamiza gegedu la goti kwa wakati usiofaa zaidi. Na ubaya wake haukomi kwenye goti. Kijana aliyefunzwa kwamba zoezi ni adhabu hatalifanya kwa hiari atakapomaliza shule. Kisha hushangaza wakubwa kusoma kwamba, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2016, vijana wanne kati ya watano wa umri wa kwenda shule duniani hawafikishi ile saa moja ya mazoezi kwa siku inayopendekezwa.

Mkuu wa shule atauliza dakika 20 zitatoka wapi. Zipo tayari. Katika shule nyingi wanafunzi husimama mstarini robo saa au zaidi kila asubuhi wakisikiliza matangazo, na kusimama huko ndiko huipoza misuli kuliko kulala. Matangazo hayo yasomwe darasani na viranja, na muda wake upewe 11+, viatu au peku, sweta mwilini. Kisha mchakamchaka ufuate, kwa mwendo wa Iten kwanza. Siku ambayo sakitu ni nzito na ardhi ni telezi, ratiba igeuzwe: kipindi cha kwanza kitangulie, na mazoezi yafanywe saa nne, jua likiwa limekwisha kuufikia uwanja.